Bi Usikate na Taya la Kushoto

Jina lake lote, kwa mwenye nafasi ya kulisikia, ni Bi Usikate wa Chumba cha Simu, binti wa fundi aliyepanda nguzo za simu kwa miaka ishirini na sita na kuanguka mara moja tu, tena juu ya majani, mjukuu wa mwanamke aliyetumwa ujumbe kwa miguu kutoka mtaa hadi mtaa na ambaye hakupunguza neno wala kuongeza, hata siku ujumbe wenyewe ulipokuwa wa kumtukana yeye. Siku hiyo alifika, akapiga hodi, akajitukana vizuri kwa niaba ya aliyemtuma, akarudi nyumbani kupika.

Kwao wote walikuwa watu wa kufikisha. Bi Usikate alifikisha kwa waya. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye swichibodi ya hospitali kubwa, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, akimwambia kila aliyepiga maneno yale yale: nakuunganisha, usikate. Hapo ndipo jina lilipotoka. Kwenye orodha ya mishahara waliandika jina jingine, lakini hakuna aliyelikumbuka.

Alizijua namba zote za ndani, mia mbili na kumi na mbili, kwa kichwa. Orodha iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya wageni. Aliwatambua madaktari kwa jinsi wanavyovuta pumzi kabla ya kusema. Siku basi mbili zilipogongana nje ya mji alikaa kwenye kiti saa kumi na moja mfululizo bila kuinuka hata kwa haja, na mambo ya kibofu watu hawayaandiki, lakini na yaandikwe.

Alikuwa na sheria moja. Asiyesalimu hapati laini. Haikuandikwa popote na hakuna mkubwa aliyeiidhinisha. Mganga mkuu mwenyewe aliwahi kupiga akasema tu, "Stoo ya dawa," akakatiwa. Akapiga tena, akasalimu, akauliza na hali ya watoto, akapewa stoo ya dawa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa adabu sana, kwenye simu angalau.

Taya lilianza kumuuma miaka miwili kabla ya kustaafu. Lilikuwa la kushoto, mbele kidogo ya sikio, mahali ambapo mtu akitafuna anaona panainuka na kushuka. Mwanzoni lilimuuma asubuhi tu, kisha asubuhi na jioni, kisha likaacha kuchagua. Maumivu yalipanda mpaka kwenye panja, yakashuka shingoni, yakatua kwenye bega na kukaa hapo kama mgeni aliyeletewa kiti. Akipiga mwayo, kitu ndani kilialika, ko, hata mumewe aliyekaa upande wa pili wa meza alikisikia.

Mumewe alikuwa fundi mizani aliyestaafu, mtu wa maneno machache na yote ya kuchoma. Alimpondea viazi kwa mwiko, akamsogezea sahani, akasema kwamba tangu taya lianze nyumba imekuwa na utulivu ambao hakuuona tangu arusi.

"Cheka," Bi Usikate alimwambia kwa mdomo nusu. "Nikipona utanikoma."

"Ndiyo maana nasema nile utulivu wangu mapema," alisema mzee, akaendelea kuponda.

Alianza na daktari wa meno, kijana mpole mwenye mikono ya baridi. Daktari wa meno aligonga jino moja baada ya jingine kwa kijiko chake cha chuma, akakuta gego moja analolishuku, akaling'oa. Taya likaendelea. Baada ya miezi mitatu akalishuku la jirani yake, akaling'oa nalo. Taya likaendelea kana kwamba halikupewa taarifa. Akapelekwa kwa daktari wa masikio, ambaye alimuosha sikio kwa maji ya vuguvugu na kumwambia kwamba ni sikio zuri. Akapelekwa kwa wa macho akapewa miwani. Daktari wa mishipa ya fahamu alimpa vidonge vyeupe vya kumeza jioni, na kesho yake, akiwa bado ananesanesa kwenye kiti, Bi Usikate aliunganisha chumba cha maiti na wodi ya wazazi. Mazungumzo yalikwenda vizuri kwa dakika mbili kabla ya mtu kugundua. Vidonge akavirudisha.

Mwisho akapelekwa kwa mama mmoja wa ushauri nasaha, chumba chenye maua ya plastiki, akaulizwa kama ana mawazo.

"Ninayo," alisema Bi Usikate. "Mengi yanahusu taya."

Katika safari zote hizo kila daktari alimwambia jambo moja kwa namna yake. Walimwambia kwamba palikuwa na bingwa wa kazi hiyo hasa, wa taya na maumivu ya uso yasiyoisha, aliletwa hospitalini hapo miaka tisa iliyopita, lakini wanasikia hayupo. Daktari wa masikio alisema pengine alihamishwa. Yule wa mishipa alisema alikwenda kusoma. Na kila alipowasikia, Bi Usikate aliitazama sakafu, kwa sababu yeye alijua alipo. Alikuwa nyuma ya jengo la dobi, namba ya ndani arobaini na saba, Jumanne na Alhamisi. Na aliyewaambia wote kwamba hayupo alikuwa yeye.

Hapa inabidi turudi nyuma miaka tisa, siku ya Jumanne, saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Taa ya arobaini na saba iliwaka kwenye bodi, mara ya kwanza tangu chumba kile kilipokuwa stoo ya mashuka. Bi Usikate akajitambulisha. Palikuwa na ukimya, kisha sauti ya mwanamume mzima, tena msomi kwa kumsikia, ikasema, "Laini ya nje, tafadhali." Basi. Hakuna habari ya asubuhi, hakuna shikamoo, wakati sauti ilionyesha wazi kwamba ni mdogo wake kwa miaka kumi au zaidi. Akakata. Taa ikawaka tena, na mambo yakawa vile vile, ukimya kisha laini ya nje. Akakata tena. Haikuwaka mara ya tatu. Mtu huyo, kama alivyokuja kusikia, alitumia simu yake ya mfukoni kuanzia siku hiyo, na Bi Usikate akaona kwamba kumbe ana kiburi pia.

Kwa hiyo mtu alipopiga kutoka nje akamtaka daktari wa taya, Bi Usikate alisema hayupo. Hakuona kuwa ni uongo. Kwenye bodi yake mtu huyo hakuwepo. Na bango la rangi pale getini, lenye orodha ya idara zote, lilikuwa limeandikwa kabla bingwa hajaja na hakuna aliyelipaka upya, kwa hiyo hakuna pengine ambapo mtu angemsoma. Wenye mataya walielekezwa kliniki ya meno, na kliniki ya meno iling'oa.

Angeweza kufa na jambo hilo. Alikuwa na meno mawili pungufu, anakula viazi vya kupondwa, na bado alipiga moyo konde kwamba hatapeleka uso wake kwa mtu asiyejua kusalimu. Kilichombadilisha ni mwayo.

Zilikuwa zimebaki wiki tisa astaafu. Mrithi wake alikuwa ameshapatikana, naye alikuwa mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa. Wenye midomo walisema kazi imerithiwa kama mashine ya kushonea. Mkamwana alikuwa amefanya usaili na watu kumi na wanne na kuwashinda, na mama mkwe wake ndiye aliyemwekea maswali magumu kuliko wote. Walikaa pamoja kwenye bodi, mmoja akifundisha, mwingine akifanya. Mchana mmoja, baada ya chakula, Bi Usikate alipiga mwayo, taya likaalika, ko, na halikurudi. Mdomo ulibaki wazi. Simu ikaingia, mtu anaulizia damu kwa mgonjwa wa upasuaji, na Bi Usikate aliyefikisha ujumbe miaka thelathini na moja akatoa sauti kama ya ng'ombe aliye mbali.

Mkamwana alinyakua mkonga wa simu, akaunganisha, akasema usikate kwa niaba yake. Kisha akamfunika mama mkwe wake mdomo kwa kanga na kumpeleka kliniki ya meno huku akimshika kiwiko.

Daktari wa meno alivaa glavu, akaweka vidole gumba kwenye magego yaliyosalia, akasukuma chini na nyuma. Taya likarudi. Machozi yakamtoka Bi Usikate, akaona heri ayaite ya dawa. Daktari wa meno alikaa kwenye kigoda chake cha magurudumu akamtazama kwa huruma.

"Mama, mimi nimeshang'oa mawili. Nikiendelea nitabaki na wewe na ufizi. Hii siyo kazi ya meno," alisema. "Likikwama wazi tena, safari ijayo linaweza lisirudi kirahisi, na sauti yako tusiisikie tena kwenye simu. Unamhitaji yule bingwa wa taya. Nimempigia mara ngapi sijui. Kila mara naambiwa hayupo."

Akavua glavu moja, akaishia hapo. Inaelekea wakati huo ndipo alipokumbuka nani humwambia.

Bi Usikate alikuwa na sababu nzuri ya kutojibu, kwa kuwa alikuwa amefungwa bendeji kuanzia kidevuni hadi utosini.

Alhamisi, saa ya chakula, alikwenda kwa miguu. Kupiga simu kusingewezekana, angelazimika kujiomba laini mwenyewe. Alimwachia mkamwana bodi, akapita nyuma ya jiko la wagonjwa, akapita kwenye kamba za mashuka yaliyoanikwa, akaingia kwenye korido ya dobi iliyojaa mvuke na harufu ya sabuni ya unga. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kufika upande ule. Mlango wa mwisho ulikuwa na karatasi imeandikwa kwa kalamu: Taya na Uso. Gonga.

Aligonga. Mwanamume mwembamba, mvi kwenye masharubu, aliinuka kutoka kwenye kiti haraka kama mtu ambaye hajagongewa kwa muda mrefu.

"Shikamoo mama," alisema. "Karibu ndani. Pole na jua."

Bi Usikate aliitikia marahaba kwa sababu ulimi una mazoea yake. Lakini moyoni alisema, kumbe miaka tisa imemfunza.

Daktari wa taya alimweka kwenye kiti cha kuegemea, akamwomba afungue mdomo, akapima uwazi kwa rula ndogo. Akabonyeza shavu, panja, chini ya sikio, pembeni ya shingo, akiuliza kila mara kama ni hapa, na kila mara palikuwa hapo. Alimwambia afungue na kufunga polepole, akaweka kidole kwenye kiungo, akasikiliza. Hakugonga jino hata moja. Kisha akamuuliza anafanya kazi gani.

"Ya simu."

"Nionyeshe unavyoifanya."

Bi Usikate aliona ni swali la kijinga, lakini akasogea mezani, akachukua mkonga wa simu ya daktari, akaubana kati ya bega na taya la kushoto kama alivyofanya kila siku, mikono yote miwili ikabaki huru kuchomeka waya na kuandika. Alikuwa amewahi kuletewa hedifoni. Ziliharibu namna ya kufunga kilemba, akaziweka kwenye droo.

Daktari wa taya alimtazama alivyokaa, kichwa kimeinama upande, meno yamekazwa.

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Basi ni taya la heshima," alisema daktari. "La mtu mwingine lingeshajiuzulu."

Alimweleza bila haraka. Kiungo cha taya kina kipande laini kati ya mfupa na mfupa, kama kijishuka, na chake kilikuwa kimesogea kutoka mahali pake. Misuli ya kutafunia ilikuwa imechoka na kukakamaa kama mkono uliobeba ndoo bila kuitua. Na zaidi ya hapo, meno yake yalikuwa yamelika juu, yamekuwa bapa, dalili ya mtu anayeyasaga bila kujua, mchana na usingizini. Akasema watu husaga wakiwa na jambo wanalolishikilia.

"Ni nani huyo unayemsaga, mama?" aliuliza huku akiandika.

Bi Usikate alitazama dirishani. Palikuwa na mashuka.

Matibabu, daktari alisema, yapo, lakini si ya siku moja. Atamtengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa kwenye meno wakati wa kulala. Kuna mazoezi ya mdomo, asubuhi na jioni, mbele ya kioo. Mkonga wa simu marufuku kwenye bega. Vyakula laini. Na wiki sita za kupumzisha sauti, aseme tu yale yasiyokwepeka. Maumivu yatatulia, alisema, ila asimdanganye kwamba yatahama kabisa. Leo wataanza na kitambaa cha maji ya moto kwa nusu saa.

Nusu saa ilikuwa ndefu kuliko ruhusa aliyojipa. Bi Usikate aliomba atumie simu, amwarifu aliyemshikia bodi. Akanyanyua mkonga, safari hii kwa mkono. Sauti ya mkamwana ikaja safi, ikisema swichibodi. Bi Usikate akasema, hujambo mwanangu, habari za tangu asubuhi, nitachelewa nusu saa.

Tiii. Mkamwana alikuwa amekata.

Alipiga tena. Swichibodi, akasikia. Hujambo mwanangu, ni mimi. Tiii.

Bi Usikate alibaki ameshika mkonga hewani. Yeye ndiye aliyemfundisha binti yule: asiyesalimu, kata, usimuulize mara mbili, ukimuuliza unamzoesha. Na binti alikuwa mwanafunzi mzuri. Lakini yeye alikuwa amesalimu. Alikuwa amesalimu mara mbili, kwa sauti, na shahidi amekaa pale anakamua kitambaa.

Binti wa fundi wa nguzo hahitaji kuchorewa. Alipiga mara ya tatu, hakusema kitu, akasikiliza. Baada ya kusikia swichibodi palikuwa na ukimya mzito, wa waya uliokufa, kisha kitu kikakwaruza, tk, ndipo ukimya ukawa mwepesi, ule wa mtu anayesikilizwa. Alihesabu. Moja, mbili, tatu, tk. Sauti ya bodi ilikuja mara moja, lakini ya kwenda ilichelewa kufunguka. Chochote ulichosema kabla ya tatu kilibaki ndani ya ukuta.

Ilikuwa laini ya dobi. Aliijua laini ya dobi kwa zaidi ya miaka ishirini, kisanduku chake cha kuunganishia waya kimeliwa na mvuke, na hakuwahi kulalamika kwa sababu watu wa dobi kila wakipiga huanza kwa kelele, haloo, haloo, we haloo, mpaka mtu asikie, kisha ndipo wasalimu. Hakuna kilichopotea. Alichokuwa hajui ni kwamba stoo ya mashuka iliunganishwa kwenye kisanduku hicho hicho. Angejua vipi, wakati hajawahi kutia mguu huku.

Akapiga tena, akahesabu tatu, akamsalimu mkamwana, akaitikiwa vizuri sana, akaeleza, akaweka mkonga mahali pake taratibu.

Daktari alimwekea kitambaa shavuni. Kilikuwa cha moto hasa. Bi Usikate alikaa nacho muda, ameshika tama, kisha akamuuliza kama anakumbuka siku yake ya kwanza katika chumba hiki, siku aliyoomba laini.

"Nakumbuka," alisema daktari wa taya. "Nilikuwa mgeni, sijui hata choo kiko wapi. Nikasema shikamoo mama, mimi ni daktari mpya, naomba laini ya nje tafadhali. Ukakata. Nikasema labda sikusalimu kwa heshima ya kutosha, nikarudia taratibu zaidi. Ukakata. Nikaogopa."

Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayesimulia mvua iliyomnyeshea.

Bi Usikate alimweleza. Alieleza kwa sentensi fupi kwa sababu ya kitambaa, lakini alieleza yote, pamoja na neno hayupo, pamoja na idadi ya miaka. Hakuongeza wala hakupunguza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Mimi nilidhani watu wa huku wana mataya imara," alisema.

Ikabainika kwamba hakudhani tu. Alikuwa ameandika. Mwaka wa tano alipeleka ripoti kwa uongozi kwamba maradhi ya kiungo cha taya ni nadra sana katika eneo hili, pengine kwa sababu ya lishe, na uongozi ukafurahi ukaiweka kwenye taarifa ya mwaka, ukurasa wenye picha. Sasa uongozi huo huo ulikuwa umemwandikia barua. Kwa kuwa wagonjwa hawapo, chumba kitarudishwa kuwa stoo ya mashuka mwisho wa mwaka, naye abaki chuoni anakofundisha siku nyingine. Barua ilikuwa pale mezani, chini ya rula.

Bi Usikate aliisoma yote, mpaka mhuri. Ikifungwa, kifuniko chake cha meno kitamaliziwa na nani, na taya likikwama tena nani atalirudisha. Hilo lilimjia kwanza, hakulificha. La pili lilimjia na sauti za waliowahi kupiga. Mwalimu wa kike aliyepiga mwezi wa pili, mwaka ule wa kwanza, akisema hawezi kufundisha nyimbo kwa sababu taya linaalika kila akifungua mdomo. Dereva wa lori anayetokwa na machozi akinywa maji baridi. Mama muuza mkaa aliyepiga kwa simu ya jirani mara nne, na mara ya nne akasema samahani kwa usumbufu.

"Nisamehe," alimwambia daktari, na neno hilo lilipita kwa shida, si kwa sababu ya kiungo peke yake.

"Usifungue mdomo sana leo," alisema daktari wa taya, akambadilishia kitambaa.

Siku iliyofuata Bi Usikate alikaa kwenye bodi amevaa hedifoni za kwenye droo, juu ya kilemba. Kila aliyepita aliangalia, hakuna aliyethubutu kuuliza. Hakuruhusiwa kusema, kwa hiyo aliandika. Alichukua karatasi za ratiba za zamu zilizopitwa na wakati, akageuza upande mweupe, akaandika kwa mwandiko wa darasa la saba, uliosimama wima, kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Majina ya waliojitaja, kazi za wale ambao hawakujitaja, mwezi na mwaka, na namba ya simu ya kila mmoja kwa kuwa alikuwa na desturi ya kumwomba kila mtu namba kabla ya kumwambia hayupo. Walikuwa arobaini na mmoja. Mmoja alimkumbuka kwa kikohozi tu, lakini namba alikuwa nayo. Kuhusu mmoja alijua kwamba amekwisha kufariki, si kwa taya, akamwandika pia na kuweka alama pembeni kwamba apigiwe mwanawe, maana naye kwenye simu alikuwa akisema kama mtu aliyeuma meno.

Mkamwana alizipokea karatasi, akazipitia moja moja.

"Mama, hawa wote umewatoa kichwani?"

Bi Usikate aliinua nyusi. Wapi pengine.

"Na niwaambie nini?"

Hili lilikuwa miongoni mwa yale yasiyokwepeka. Alisogeza kipaza sauti cha hedifoni pembeni.

"Waambie yupo," alisema. "Jumanne na Alhamisi, nyuma ya dobi, wagonge. Wakikuuliza nani aliwaambia hayupo, usiseme hospitali, usiseme mitambo. Sema ni mimi, nilikuwa kwenye bodi, na namba yangu ya nyumbani apewe kila anayetaka kunisema."

"Watakusema, mama."

"Sitaweza kuwajibu. Wiki sita."

Akanyoosha kidole kwenye jina la mama muuza mkaa, ambalo lilikuwa la saba, akalipigia mstari na kuandika namba moja pembeni yake, aanze naye. Kisha akaandika chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, kwamba fundi aitwe kwenye kisanduku cha dobi, na mpaka atakapokuja, taa ya arobaini na saba ikiwaka, opereta ahesabu tatu.

Mkamwana alivuta kiti, akakaza nywele nyuma ya sikio, akabonyeza namba. Simu iliita muda mrefu. Bi Usikate alivua hedifoni, akamvalisha.